Naombeni ushauri: mwanangu mwenye ulemavu wa akili halali usiku, nami nimechoka

MamaMlezi: Wanajukwaa, salamu. Nina mtoto wa kiume wa miaka saba mwenye ulemavu wa akili, ambaye usiku huzunguka chumbani akipiga kelele hadi alfajiri, nami hukesha naye kisha nikaenda kazini. Nimeanza kumkasirikia kwa mambo yasiyo kosa lake, na hilo linanitisha. Wenzangu mnastahimili vipi?

MzeeKifimbo: Binti yangu, baba yake yuko wapi? Umeeleza yote isipokuwa hilo.

Tunu: Pole, dada. Wangu ana sindromu ya Down, na sasa ni kijana. Walionichosha hasa ni ndugu waliotafuta wa kulaumiwa, ilhali chanzo ni kromosomu ya 21 ya ziada, jambo lililojulikana tangu 1959.

KobeMjanja: Wangu hawana ulemavu wowote, na bado sijalala tangu wazaliwe.

Daftari: Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa mzazi huelemewa zaidi na tabia ngumu za mtoto kuliko kiwango cha akili yake. Je, anatumia dawa yoyote?

MamaMlezi: Hakuna aliyoandikiwa na daktari.

Daftari: Sikuuliza ya daktari.

MamaMlezi: Ni dawa ya maji ya mzio, ile inayoleta usingizi. Inauzwa bila cheti. Nimeongeza kipimo kidogo tu kwa sababu kile cha awali hakikusaidia tena, na asiyekesha nami asinihukumu.

MzeeKifimbo: Mtoto ni amana, binti yangu!

Daftari: Sihukumu. Dawa za kundi hilo huwachangamsha baadhi ya watoto badala ya kuwalaza, na zikizidi huweza kuleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Usiongeze tena. Daktari amchunguze masikio, meno, choo kigumu na pumzi inayokatika usingizini, maana mtoto asiyeweza kueleza maumivu huyaonyesha kwa vurugu.

Mdadisi: Kabla hamjalia naye, uzi wake wa zamani ulisema mtoto huyu hulala fofofo. Tunatungiwa hadithi.

KobeMjanja: Basi nirudishieni huruma yangu.

MamaMlezi: Alikuwa akilala wakati huo. Ameacha tangu meno mapya ya nyuma yaanze kuota.

Daftari: Umesema meno? Anza na hayo, na chupa ya dawa uende nayo kwa daktari.

MamaMlezi: Nitaenda. Ila leo usiku sijui nitafanyaje bila hiyo dawa.

Tunu: Nitumie ujumbe faraghani. Nitakuwa macho.