Naomba ushauri: nani anikagulie nyumba mpya kabla sijalipa, Mtwara

Habari zenu wakuu. Kuna nyumba ya vyumba vitatu inauzwa Mangamba, rangi haijakauka vizuri. Hati nimeshaihakiki ofisi ya ardhi, haina tatizo. Shida ni jengo lenyewe. Muuzaji anasema nilete fundi aikague, halafu fundi anayenipendekezea ndiye huyo huyo aliyeijenga! Hapo kuna ukaguzi kweli?

Ukuta wa nyuma, ukisugua plasta kwa kidole inamwagika unga, na chini karibu na msingi kuna weupe kama chumvi. Isije ikawa walichota mchanga wa baharini, maana chumvi inakula nondo taratibu na rangi haishiki. Paa nalo nitalijuaje wakati mvua bado?

Nataka mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, asiyejuana na muuzaji, aniandikie ripoti na kuisaini. Mafundi wa mtaani msinirukie, nawaheshimu. Mliowahi kufanya hivi Mtwara au Lindi, mlimpataje, na malipo mlipatanaje? Muuzaji anataka kishika uchumba wiki hii, ila bila ripoti sitoi hata shilingi.