Kuwasilisha mada kwenye mkutano wa masomo ya Korea, Seongnam

Kutoka: mwanafunzi, Busan

Shikamooni wakubwa. Mada yangu imekubaliwa kwenye mkutano wa utamaduni na jamii ya Korea, pale Chuo cha Mafunzo ya Korea, Bundang. Nazungumzia namna tamthilia za Kikorea zinavyotazamwa mitaani Dar. Viza ninayo, D-2 ya mwanafunzi. Nafikaje bila kumaliza posho? Na mbona wananidai makala nzima mapema hivi, wakati nilijua nakwenda na slaidi tu? Halafu silii nguruwe, wala pombe sigusi.

Kutoka: dada, Suwon

Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Usipande KTX, treni ya kasi, ya Seoul Station, itakupitiliza halafu urudi tena kusini. Panda SRT, nayo ni treni ya kasi, mpaka Suseo, ingia treni ya Suin-Bundang ushuke Seohyeon, kisha basi au teksi. Chuo kipo pembeni, mlimani, si mahali pa kutembea na laptopu begani. Ramani tumia Naver au Kakao, ile ya Google huku haikuelekezi vizuri ukiwa kwa miguu.

Mchana mara nyingi hugawa dosirak, chakula cha boksi, na nyama humo huwezi kuikisia kwa macho. Mwandikie katibu wa mkutano leo hii kwamba huli nguruwe. Hata hivyo tia gimbap ya tuna ya pembetatu, wali uliofungwa kwa mwani, kwenye mkoba; maduka ya CU na GS25 yamejaa kila kona.

Kutoka: kaka, Daejeon

Makala wanaidai kwa sababu ya toronja, yaani mjadili. Huku mwasilishaji hupangiwa mtu wa kuijadili kazi yake. Anaisoma mstari kwa mstari, anaandika hoja zake, na mara nyingi hoja hizo huchapwa pamoja na makala yako kwenye kitabu cha mkutano. Ukimaliza tu, anasimama yeye. Ataanza kwa kusema amejifunza mengi kwako, kisha yanakuja maswali matatu manne yenye meno. Usione anakuchukia, ndiyo kazi aliyopewa, na akiuliza juujuu yeye ndiye anayeonekana hakusoma.

Omba maswali yake kabla ya siku, wengi hutuma. Andika majibu kwa Kikorea rasmi, kile cha vitenzi vinavyoishia -seumnida, umpe na mwenzako Mkorea ayapitie. Lazima utaulizwa habari ya data: umesema Dar, Dar ipi? Kariakoo au Masaki? Ulihoji wangapi, lini? Swali likikushinda, shukuru, useme utalifanyia kazi kwenye makala ya jarida. Hapo hakuna aibu. Na usimwite kwa jina lake, ni jina la ukoo na gyosunim, yaani profesa.

Jioni kuna hoesik, chakula cha pamoja na vinywaji. Watu wetu wengi huaga wawahi treni, mimi naona wanajipunja. Mezani ndipo utakaposikia profesa gani anatafuta msaidizi wa utafiti na jarida lipi linaandaa toleo maalumu. Mwambie mapema aliyekaa karibu nawe kwamba hunywi, wakumiminie soda. Mkubwa mmiminie kwa mikono miwili. Aliyelelewa na shikamoo hilo halimsumbui.

Kutoka: msomaji, Nairobi

Wakuu, nami naja mkutano huohuo na pasipoti ya Kenya. Naanzia wapi?

Kutoka: dada, Suwon

Karibu sana. Anzia kwa waandaaji, wakupe barua ya mwaliko, kisha ubalozi wa Korea hapo Nairobi kwa viza ya muda mfupi, C-3. Usikate tiketi isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Na beba adapta, soketi za huku ni za pini mbili za mviringo.

Kutoka: mwanafunzi, Busan

Ahsanteni sana. Moja la mwisho: kitabu hicho cha mkutano kinahesabika kama chapisho?

Kutoka: kaka, Daejeon

Kwenye CV kiweke chini ya mikutano. Idara nyingi zinataka makala iliyotoka kwenye jarida lililo kwenye orodha ya KCI, faharasa ya majarida ya kitaaluma ya Korea, kwa hiyo ukishamjibu toronja, rekebisha upeleke huko mwezi huohuo.