Nimekataliwa huku nainamishiwa kichwa! Huduma za Japani mnazozisifia, chukueni

Mlowezi_Osaka:
Wakuu, naandika hata koti sijavua. Mikono inatetemeka na wala si baridi.

Lile duka la simu. Silitaji, mliopo huku mnalijua, lile lenye kiwimbo chao kile kinachokufuata mpaka usingizini. Nimeingia saa nane mchana kubadili laini tu. Laini! "Irasshaimase" (karibu mteja) zimepigwa na watu sita kwa mpigo, nikajiona waziri. Nikapewa dada mwenye sauti ya kubembeleza mtoto mwenye homa. Tukajaza fomu. Tukajaza fomu ya kukiri kwamba tumejaza fomu. Masaa matatu, wakuu, nimezeeka pale kwenye kiti.

Mwishoni akaomba kadi ya benki. Sasa kadi yangu ya ukaazi ina majina matatu, langu, la baba na la babu, kama Mtanzania yeyote. Ya benki ina mawili, kwa sababu siku nafungua akaunti vijumba vya katakana, herufi zao za kuandikia majina ya wageni, viliisha kabla babu hajafika. (Ukiwa na jina la Mw- ndiyo kabisa, huku wanaandika "Muwa", unamaliza vijumba ukiwa bado kwenye jina lako mwenyewe.)

Dada akatazama kadi hii. Akatazama ile. Akavuta hewa kwa meno, ssssss. Kisha akainua mikono yote miwili akaipishanisha kifuani. X! Kama anazuia treni! Huku ameinama! "Moshiwake gozaimasen." Yaani samahani sana.

X, wakuu. Mbele ya uso wangu. Baada ya masaa matatu.

Bongo ukikataliwa mnagombana, unatupa maneno yako mawili matatu, roho inatulia, unaenda kunywa chai. Huyu anayekuinamia unamtukana vipi? Nimepandisha sauti kidogo tu, wakaja wengine wawili, wakainama watatu. Wamenisindikiza mpaka mlangoni. Nafika kona nageuka, bado wameinama!

Lakini ile X.

Siti_ya_Mbele:
Nimeshakaa. Karanga zipo.

Mjuvi_Mkuu:
Mleta uzi, hiyo inaitwa batsu, ndiyo "hapana" yao, wala si tusi. Ungekuwa Japani kweli ungejua. Chai hii.

Mlowezi_Osaka:
Najua ni batsu! Hata kofi nalijua jina, likinikuta bado linauma.

Binti_Nagoya:
Pole kaka. Mimi nimekusanya sarafu za yeni 1 mwaka mzima, nikazipeleka konbini, viduka vya huku vya mahitaji madogo, kununulia onigiri, tonge lao la wali. Kijana kazihesabu kwa vidole viwili, moja moja, foleni nyuma imefika kwenye magazeti. Zilipofika 20 akanirudishia zilizobaki. Nikajua ananibagua. Kumbe sheria ipo, sarafu za aina moja mwisho 20, zikizidi muuzaji ana haki ya kuzikataa. Ila mie hakunipiga X, alikuwa na adabu.

Mlowezi_Osaka:
Unaona sasa? Hata wewe hukupigwa X!

Kibarua_Mbagala:
Watu mnalia mmeinamiwa? Mimi jana chenji nimepewa pipi. Pipi mbili, moja ishafunguliwa. Na keshia hakuinua macho kwenye simu. Nitumieni huyo dada aje anipige X kila asubuhi, nauli nachangia.

Siti_ya_Mbele:
Moja ishafunguliwa 😂😂

Baba_Vitz:
Samahani nje ya mada. Mliopo Japani, gari niliyoagiza imetoka bandarini wiki hii. Kila nikiwasha kuna dada anaongea. Anasema nini?

Mama_Kijacho:
Hata yangu! Mama mkwe anajua gari linaomba dua ya safari, anaitikia amina.

Kibarua_Mbagala:
Ni yuleyule dada wa laini, anamtafuta mleta uzi.

Mlowezi_Osaka:
Anasema kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara za mwendo kasi huku, kwenu haina kazi. Haya turudi kwenye mada. Ile mikono yake ilivyo...

Baba_Vitz:
Ina maana miaka yote kwenye gari la kaka nilikuwa naitikia "salama dada"??

Mjuvi_Mkuu:
Na redio zenu vipi? Yangu inagoma kwenye 90, stesheni zote za mpira ziko juu.

Binti_Nagoya:
Huku FM inaanzia 76, ndiyo maana. Mwone fundi akufungie ekspanda, kile kidude cha kuifanya redio ishike stesheni za juu.

Kibarua_Mbagala:
Nenda kwa mafundi wa Gerezani, Dar, usikubali bei ya kwanza. Wala ya pili.

Mlowezi_Osaka:
Wakuu, X jamani. Masaa matatu.

Mama_Kijacho:
Pole mkuu. Hiyo ekspanda ikifungwa, na dada ananyamaza?

Mjuvi_Mkuu:
Hapana, huyo mpaka uchomoe kimashine chake chenyewe. Mwambie fundi akitafute.

Baba_Vitz:
Fundi kanichomolea leo mchana. Mbona gari limepoa hivi? Namrudishaje?