Mjadala: kila kazi ya ujenzi wa programu ikatwe baada ya dakika 30?

Mtoa mada: Wakuu, shirika lililo kwenye mpango wa bure wa GitHub, jukwaa la kutunza msimbo na kuujenga na kuupima, lina nafasi 20 tu za kazi zinazoendeshwa kwa mpigo, na za macOS (mfumo wa kompyuta za Apple) hazizidi 5. Nafasi hizo ni za akaunti nzima, miradi yote inagawana. Kazi isiyowekewa kikomo huachwa hadi dakika 360. Jaribio moja likiganda, mathalani linangoja hifadhidata ambayo haikuwaka, linakalia nafasi saa sita nzima. Napendekeza kila faili ya mipangilio ya kazi iwe na timeout-minutes: 30 (kikomo kwa dakika), na isiyo nayo isipitishwe.

Mchangiaji wa 1: Napinga namba moja kwa wote. Majaribio ya maktaba ndogo ya Python humalizika kwa dakika chache, ila programu kubwa ya C++ ikikompailiwa (msimbo kugeuzwa programu inayoendeshwa) bila kashe, yaani matokeo ya awali yaliyohifadhiwa, hupita saa. Halafu kuna mtego: actions/cache, zana ya GitHub ya kutunza kashe, huhifadhi mwishoni, tena kazi ikifaulu tu. Ukiikata dakika ya 30 hakuna kilichohifadhiwa, duru inayofuata inaanza sifuri na kukatwa palepale. Mradi hautajengeka, na kila anayebonyeza kurudia anaongeza nusu saa kwenye foleni.

Mkitaka kukata, tenganisheni kwanza: actions/cache/restore (kurejesha) mwanzoni, actions/cache/save (kuhifadhi) baada ya kukompaili, ikiwa na if: always() ili iendeshwe hata hatua ya kabla ikishindwa. Hatua ya kukompaili ipewe kikomo kifupi kuliko cha kazi, tuseme dakika 40 ndani ya 50, ili ubaki muda wa kuhifadhi. Na kashe ikishaandikwa haibadilishwi, kwa hiyo ufunguo (jina la kashe) uishie na github.run_id (namba ya duru) pamoja na github.run_attempt (ni mara ya ngapi inaendeshwa). Run_id peke yake haitoshi: ukirudia kazi ileile namba haibadiliki, na kashe mpya hukataliwa.

Mchangiaji wa 2: Mnagombania saa wakati tatizo ni idadi. Matriki, yaani kupima kila mfumo kwa kila toleo, ya mifumo 3 (macOS ikiwemo) kwa matoleo 4 ni kazi 12. Mtu akisukuma (akituma) mabadiliko mara mbili zinakuwa 24, na kati yake 8 ni za macOS. Hata zikiwa za dakika 8 kila moja, foleni ipo. Tena kikomo hakihesabu muda wa kungoja. Saa huanza kazi inapopata mashine.

Dawa ni mpangilio wa concurrency: group (kundi) ya github.workflow na github.ref (jina la mtiririko wa kazi na la tawi), cancel-in-progress: true (futa inayoendelea). Ukisukuma upya, duru ya zamani inajifia.

Mtoa mada: Naafiki kwa matawi ya kawaida, yaani nakala za msimbo za kufanyia kazi. Kwenye tawi kuu je? Kukata usambazaji (kupeleka toleo kwa watumiaji) katikati ni balaa.

Mchangiaji wa 2: Pale weka cancel-in-progress: false, lakini usidhani umepata foleni ya kweli. Kwa kawaida kundi hubeba moja inayoendelea na moja inayosubiri; ikija ya tatu, inayosubiri hufutwa. Majaribio ya tawi kuu yape group yenye github.sha (alama ya kila badiliko) ili kila badiliko lipimwe, na group isiyobadilika ibaki kwa usambazaji peke yake.

Mchangiaji wa 3: Kwenye GitLab, jukwaa linalofanana na GitHub, ugomvi huu ni mdogo: mradi huanza na kikomo cha saa 1, na mwenye mashine anaweza kuweka chake, kilicho kifupi ndicho kinachofuatwa. Kwenye GitHub itabidi skripti ikague hizo faili za mipangilio (YAML). Iruke kazi zinazoita mtiririko mwingine (faili nyingine ya kazi) kwa neno uses, maana hizo hazikubali timeout-minutes. Kikomo kinawekwa ndani ya mtiririko unaoitwa. Asiyejua hilo ataibana skripti hadi ikatae faili halali.

Mtoa mada: Basi naacha 30. Kila mradi uchukue muda mrefu zaidi wa kazi iliyofaulu, uuzidishe mara mbili, uandike hiyo.

Mchangiaji wa 1: Hiyo naikubali, mradi muda upimwe bila kashe.

Mtoa mada: Sawa, ila ujenzi wa saa nzima mchana bado siuafiki. Uende usiku kwa ratiba, na usiwekwe dakika ya 0, kwani mwanzo wa saa ndipo ratiba hurundikana na kucheleweshwa. Cron, maandishi ya ratiba, kwa kawaida husomwa kwa UTC (saa ya kimataifa): 17 22 * * * ni saa saba na dakika 17 usiku kwetu Afrika Mashariki.

Mchangiaji wa 1: Na ikivunjika usiku, nani anaiangalia kabla watu hawajaanza kusukuma asubuhi?