Naomba ushauri: tuendelee kuishi kwenye trela au tutulie Texas?

Habari za wakati huu wakuu. Mimi na mke wangu tuko Marekani. Yeye ni nesi wa mikataba mifupi, wiki 13 hospitali hii, kisha tunahamia jimbo jingine. Badala ya kuhangaika na kupanga apatimenti kila mara, tunaishi kwenye trela tunalovuta kwa pikapu. Kazi yangu ni ya kompyuta, naifanya popote penye intaneti.

Raha ipo, sitawadanganya. Majira ya baridi tukipata nafasi tunashuka Arizona, kuna ardhi ya serikali unaegesha bure hadi siku 14, kisha unasogea. Ila ukinaswa na baridi kaskazini, mabomba yanaganda, gesi inakwisha usiku wa manane, na tangi la choo linakusubiri ulimwage mwenyewe. Shemeji zangu wakisikia hilo wanacheka hadi machozi.

Sasa mtoto anakaribia kuanza shule. Mke anataka tununue nyumba Texas, karibu na ndugu zake. Mimi nikiangalia riba ya mkopo na kodi ya majengo ya kule, usingizi unapaa. Lakini mhasibu naye ametuonya: bila makazi ya kudumu, posho ya malazi ya mke inakatwa kodi kama mshahara.

Mlioishi hivi na watoto, shule mlifanyaje? Na kuna aliyepanga nyumba kwanza kabla ya kununua? Kejeli wekeni pembeni, tafadhali.