Wimbo wa kulaza mtoto wa Brahms: Kiswahili hakikai kwenye noti

MwalimuNyakato
Wakuu, habarini. Kwaya ya watoto wa miaka 8 hadi 12 hapa Nyakato inajifunza ule wimbo wa kulaza mtoto wa Brahms, mtunzi Mjerumani. Mstari tulioandikiwa ni "Lala mwanangu mpenzi", lakini wakiimba inatoka "MWA-nangu", utadhani Kiswahili wamejifunza jana. Nikiwasha mdundo wa mapigo matatu kwenye kinanda, watoto wanaanza kucheza badala ya kusinzia. Kosa ni la tafsiri au la kwetu? Na historia yake ikoje? Wazazi watauliza.

SautiYaPili_Ilemela
Mwalimu, kosa ni la tafsiri. Tazama noti zenyewe, mapigo matatu (d r m f s l t ni do re mi fa so la ti, d' ni do ya juu; | hutenga vipimo, : hutenga mapigo, nukta hugawa pigo nusu, na - huendeleza noti):

:m.m | s :-.m :m | s : :m.s | d' :t :-.l | l :s :r.m | f :r :r.m | f : :r.f | t.l :s :t | d' :-

Zile m.m mbili za mwanzo ziko kwenye pigo la tatu, yaani kabla ya pigo zito. Uzito unaangukia s. Kwa hiyo silabi ya tatu lazima iwe ile inayobeba mkazo, na mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. "Mwanangu" mkazo wake ni "na", lakini wimbo unaugandamiza kwenye "mwa". Halafu "m" ya mpenzi nayo ni silabi, inadai noti yake, kwa hiyo mstari una silabi 8 mahali penye noti 6.

Sita, kwa sababu Kijerumani kinamalizia na neno la silabi moja lenye mkazo: *Nacht* (usiku). Sisi hatuna maneno mengi ya namna hiyo, mwisho wa neno letu ni mwepesi. Dawa ni kuipasua ile s ya kipimo cha pili, upate silabi 7 zenye mkazo kwenye ya 3 na ya 6. Jaribu:

u-si-LI-e ki-PE-nzi
na ma-WI-mbi ya-LA-la

Mstari wa pili una noti za kutosha tayari (m.s na l s kila moja inabeba silabi mbili), usipasue kitu.

Angalizo: ukiipasua s kwa kumpa "PE" pigo zima na "nzi" pigo zima, umekula nafasi ya pumzi, na watoto watakatia hewa katikati ya neno linalofuata. Iandike | s.s : :m.s | ili pigo la pili libaki kimya. Hapo ndipo wanapumua.

Kinanda_Kirumba
Zima mdundo, mkuu. Brahms aliandika wimbo uende kwa upole lakini utembee, na mkono wa kulia wa piano unaangukia *katikati* ya mapigo, hauangukii juu yake. Mdundo wa mashine unagonga pigo la pili na la tatu sawasawa, basi vitu viwili vinagombana. Piga besi pigo la kwanza peke yake, mkono wa kulia uchelewe nusu pigo. Mwanzoni besi inakaa kwenye d bila kuhangaika.

Kuchelewa huko kuna sababu, na ndiyo historia unayoitafuta. Bertha Porubszky wa Vienna aliimba kwenye kwaya ya wanawake ya Brahms kule Hamburg mwaka 1859, na alikuwa akimwimbia wimbo wa mapenzi wa Kiaustria uliotungwa na Alexander Baumann. Baadaye akaolewa na Arthur Faber. Alipozaa mtoto wa pili mwaka 1868, Brahms akamtungia wimbo huu (Op. 49 namba 4), na ule wimbo wa mapenzi akauficha kwenye piano. Mama anambembeleza mtoto, piano inambembeleza mama. Brahms mwenyewe alimwandikia mume jambo hilo bila kificho! Hadharani uliimbwa Vienna tarehe 22 Desemba 1869 na Luise Dustmann, Clara Schumann akiwa kwenye piano.

Kwa hiyo ukifuta kinanda ukaacha sauti tupu, umefuta nusu ya hadithi.

Ufunguo: asili ni E♭, na sauti inatoka d hadi d' tu. Kwa watoto wako ipeleke F. Kama unapigia kwenye C, weka +5 kwenye transpose ya kinanda.

MwalimuNyakato
Asanteni sana, "usilie kipenzi" imekaa kama imezaliwa nao. Kuna mzazi analalamikia ubeti wa kwanza: eti mtoto ataamka kesho "Mungu akipenda", anasema ni uchuro.

SautiYaPili_Ilemela
Ndivyo ulivyo hasa: *wenn Gott will*. Ubeti huo ni wa kimapokeo, umo kwenye mkusanyo wa nyimbo za Kijerumani wa Arnim na Brentano wa 1805 hadi 1808. Huku kwetu mtu akiagana jioni bila kusema "Mungu akipenda" ndiye anayeshangaza, kwa hiyo liache. Lililo gumu kwa mtafsiri ni *Näglein*, neno kwa neno "visumari", lakini ni neno la zamani la karafuu ambalo pia ni jina la ua. Wengi wanatafsiri "misumari", na kitanda cha mtoto kinapigiliwa misumari kanisani.

Mwanzo wa mstari wenye "Mungu akipenda" sauti inaruka kutoka d hadi d', na watoto huishia t. Waimbishe d d' peke yake mara tano kabla ya kuweka maneno.