Dar hadi Istanbul kwa baiskeli: Sudan haipitiki, nipite wapi?

MwalimuKorogwe

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Korogwe, hesabu na fizikia. Nimepata likizo bila malipo ya miezi mitano kuanzia Mei, na akiba yangu ni milioni sita na nusu. Nataka kutoka Dar mpaka Istanbul kwa baiskeli. Ninayo tayari, mtumba wa chuma, rimu inchi 26. Niliichagua hiyo makusudi, maana tairi zake hata gulioni unazipata.

Kwenye simu nilikuwa nimechora hivi: Nairobi, Moyale, Addis, Khartoum, Wadi Halfa, Aswan, Cairo, halafu feri ya Nuweiba kwenda Aqaba, nipande Jordan na Syria mpaka Uturuki. Sasa Sudan vita tangu Aprili 2023, mstari wangu umekatika katikati kama cheni. Nimefikiria kupinda Djibouti nivuke bahari niingie Arabuni, na nimefikiria kuacha yote nishuke Cape Town. Mke wangu anasema mtu mwenye mipango mitatu hana hata mmoja. Waliowahi kusafiri, nisaidieni.

DerevaWaTunduma

Mwalimu, mimi nasukuma semi, baiskeli naziona kwenye kioo tu. Ukienda kusini viza hazitakusumbua, Zambia, Botswana na Sauzi unagongewa muhuri mpakani. Ila Mikumi barabara inakatiza hifadhini karibu kilomita 50, na tembo hawajui wewe ni mwalimu. Hapo weka baiskeli juu ya fuso. Kitonga panda asubuhi mapema, na funga kioo kwenye usukani. Sisi tukiwa na mzigo hatuwezi kusimama ghafla kwa ajili ya mtu.

Ukienda kaskazini, usitoke Dar kwa Chalinze, malori tupu. Pita Bagamoyo utokee Msata. Lakini ngoja kwanza, si uko Korogwe wewe? Unarudi Dar kufanya nini?

BintiMvita

Mwalimu, salamu kutoka Regensburg, Ujerumani. Mimi mtu wa Mombasa, nimeolewa huku, na nimeendesha vipande viwili vinavyokuhusu: Moyale hadi Nairobi, na Regensburg hadi Istanbul. Ramani ya simu haikuonyeshi upepo wala viza. Anza na hivyo viwili, mstari uchore baadaye.

Moyale–Nairobi niliishuka kuja kusini, na nilijuta. Kutoka Turbi kuelekea Marsabit kuna jangwa la Dida Galgalu, mawe meusi kila upande, lami nzuri ajabu. Ukiiona lami ile unajiambia leo nakula kilomita mia. Sasa upepo wake unatoka kusini-mashariki, yaani usoni. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri nikidhani nitauwahi, kumbe ule haulali, usiku ndio unapata nguvu. Saa nne asubuhi mita yangu inasoma kilomita 28. Niko tambarare na gia ndogo kabisa kama mtu anayepanda mlima, na kila nikishuka kunywa maji baiskeli inalazwa chini na mizigo yake. Mwishowe lori la mbuzi likanihurumia, tukaangaliana mimi na mbuzi mpaka Marsabit. Si bure kaunti hiyohiyo, upande wa Ziwa Turkana, wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo.

Lakini wewe unapanda kaskazini! Upepo huohuo utakusukuma begani kwa nyuma. Kutoka kwenu mpaka Moyale ni lami mwanzo mwisho. Bonde la Nile ndiko mambo yanapogeuka, kule upepo huvuma kutoka kaskazini, na ndiyo maana wengi huanzia Cairo wakashuka Cape Town. Kwa hiyo hata Sudan ingekuwa salama, ungepigwa usoni kutoka Khartoum mpaka baharini. Na kaskazini mwa Addis, jimbo la Amhara, kuna mapigano tangu 2023, usijaribu. Fika Addis kwa njia ya Hawassa, na kabla ya kuvuka Moyale waulize madereva hali ya siku hiyo. Viza ya Ethiopia itafute ungali nyumbani.

Addis pakia baiskeli kwenye katoni, panda ndege mpaka Vienna. Usione haya. Ukianzia Vienna unafuata mto Danube ukiteremka nao. Njia ya baiskeli imewekwa alama, inaitwa EuroVelo 6, na sehemu kubwa ni tambarare kama kiganja. Budapest, kisha Serbia. Baada ya Golubac mto unajipenyeza kwenye mlima na barabara inaingia kwenye mahandaki yasiyo na taa, basi taa ya nyuma iwe na betri mpya. Mimi yangu ilizima katikati ya handaki, nikasukuma baiskeli nikiimba kwa sauti ili dereva anisikie. Ujinga mtupu, dereva wa lori atasikia nini? Ukishafika Bulgaria uache mto, kata kusini utokee Edirne. Kutoka Edirne watu hufuata barabara kuu ya D100. Kilomita hamsini za mwisho kuingia Istanbul ni mbaya kuliko Mombasa Road saa kumi na mbili jioni.

Viza ya Schengen sasa, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, hapa tulia. Huruhusiwi kuomba zaidi ya miezi sita kabla ya siku ya kuingia, na unaombea unakoishi, yaani Dar, si Addis. Ukianza safari bila viza mfukoni umekwama. Iombe Aprili, andika kwamba unaingia Julai. Ada ni euro 90, na bima iwe ya euro 30,000 angalau. Unaiombea nchi utakayolala siku nyingi, kwa hiyo hesabu siku zako Austria na Hungary kwa uaminifu. Siku zisizidi 90 katika 180. Zamani watu walipumzikia Romania na Bulgaria bila kuzila siku zao, lakini tangu Januari 2025 nazo zimo ndani kikamilifu. Serbia haimo. Kwa hiyo omba ya kuingia mara nyingi, la sivyo ukishaingia Serbia, Bulgaria utaitazama kwa mbali.

ChumaNaJasho

Yaani apande ndege halafu aseme amevuka mabara kwa baiskeli? Hiyo ni utalii.

BintiMvita

Kaka yangu, kati ya Panama na Colombia kuna karibu kilomita mia hazina barabara kabisa, na wanaozunguka dunia kwa baiskeli hupanda boti au ndege wakaendelea. Hata Istanbul yenyewe madaraja ya Bosphorus baiskeli haziruhusiwi, unavuka kwa feri kutoka Eminönü kwenda Kadıköy. Ni Likoni yenye chai. Unapanda Ulaya unashuka Asia na bado hujamaliza kikombe.

MwalimuKorogwe

Dada, nimekusoma mara tatu, mara ya tatu na mama watoto akiwa pembeni. Cape Town nimeifuta, Djibouti nimeifuta. Ijumaa nachukua likizo ya siku moja niende Dar kufuatilia makaratasi ya viza.

Mzee wa Tunduma, umenichekesha lakini umenishinda. Naanzia Tanga mjini. Nachovya tairi baharini pale Raskazone, napita Muheza na Segera, jioni nalala kwangu. Mke wangu kauliza kama siku hiyo nitakula nyumbani au kwa mama ntilie, maana eti niko safarini.

Limebaki moja. Keria yangu ya nyuma ni ya kuchomelea, fundi wa hapa kaitengeneza kwa nondo. Inabeba gunia la mahindi bila kulalamika, ila peke yake ina kilo nne. Niibakize?

BintiMvita

Ibakize. Yangu ilikuwa ya aluminiamu, ilivunjika Laisamis, na mtu wa kuchomelea aluminiamu sikumwona mpaka Isiolo.